Bei Dirishani

Mwanangu Feisal kazi yake ni kutangaza vitu vya watu mpaka vinunuliwe. Keshatangaza magodoro, keshatangaza chakula cha paka, na mwaka jana alitangaza kampuni ya kuzibua vyoo, watu wakaikimbilia. Lakini urojo wa mamake hakuweza kuuza hata bakuli moja. Urojo huo huo ambao marehemu babake akiwekewa alikuwa hasemi na mtu mpaka aone chini ya bakuli. Mwanzo nilicheka. Baadaye nikawa sina wa kucheka naye, na kicheko cha mtu mmoja katika nyumba nzima ni kitu kibaya, usiombe.

Mie Thuwaiba, mtu wa Malindi, Unguja, lakini Balsall Heath, huku Uingereza, nimekaa tangu Feisal hajaota meno, na sasa ana mvi. Nyumba yetu ni moja ya zile zilizoshikana safu nzima. Dirisha la mbele linatazama barabara, na nyuma kuna kichochoro cha kupitishia mapipa ya taka. Mume wangu Ishaka alifariki humu humu. Alipofariki wanawake walijaa mpaka ngazini, wakasoma, wakapika, wakaosha vyombo, na eda yangu nikaikaa bila kulala na njaa. Kisha kila mtu akarudi kwenye mambo yake, kama ilivyo dunia. Aliyebaki kuja ni Mwanamize.

Mwanamize anakaa Alum Rock, mtaa mwingine wa mji huu huu. Yeye mtu wa Wete, na ulimi anao. Urojo wetu wa mjini anauita maji ya kuoshea bhajia, halafu anakunywa mabakuli mawili. Hajawahi kupiga simu kusema anakuja, wala kubonyeza kengele. Anapitia kichochoroni, anasukuma mlango wa jikoni, anauliza, "Humu ndani kuna cha kula au nirudi kwangu?" Hiyo ndiyo hodi yake. Siku nyingine anakuja na wenzake wawili watatu aliowaokota darsani, na hao nao wanauliza vile vile. Nikisikia mlango ule unasukumwa nilikuwa naona siku imekuwa siku.

Basi mwezi wa Januari niliteleza jikoni. Mafuta yalidondoka, sikuyaona, mguu ukanigeukia, nikaenda chini mzima mzima. Sikuvunjika, lakini nilikaa pale chini nimeegemea kabati mpaka mwanga wa dirishani ukahama ukuta. Siku ile Mwanamize hakuja. Baadaye nikamsimulia Rehana, mke wa Feisal, kwenye simu, kwa kucheka, kama kisa. Rehana hakucheka.

Jumamosi yake Feisal akafika kutoka Northampton anakokaa, hajavua hata koti.

"Mama, ungekufa pale chini nani angejua?"

"Mungu angejua."

"Mama."

"Na Mwanamize angejua akija."

"Bi Mwanamize ni mtu mmoja, na anakuja akijisikia. Siwezi kulala usingizi kwa sababu ya mtu mmoja."

Akaniambia chumba changu kwao kiko tayari. Nakijua chumba hicho, nimeshakilala. Kina zulia jipya na kinatazama mahala pa kuegesha magari. Rehana ni mtu mzuri, sina la kumsema. Lakini wote wanatoka asubuhi, na wajukuu wakirudi wanapita na masikio yamezibwa, wananiambia "Hi, Bibi" kama wanaopita kituo cha basi. Kule nitakuwa peke yangu ndani ya nyumba ya watu. Hapa niko peke yangu ndani ya nyumba yangu, na kaburi la Ishaka naweza kulifikia kwa basi. Nilimwambia hivyo. Aliinamisha kichwa kama anavyofanya tangu mdogo akiwa hakubali lakini hataki kujibu.

Mwisho tukapatana. Nikae, lakini watu waingie na kutoka, kila wiki, wengi, Feisal aweze kuwahesabu. Na yeye ndiye atakayewaleta. "Unapika vizuri, Mama. Tutauza urojo. Biashara ikishika, nyumba haitakosa mtu." Ikifika Iddi kubwa bado nimekaa peke yangu, atakuja na maboksi, na mie nisibishe. Nikasema haya. Nilidhani nimeshinda.

Akaja na taa zake na kamera. Bakuli la urojo likapigwa picha kwa juu, pembeni limewekewa ua, sijui la kula au la kunusa. Mie nikapigwa picha nimeshika upawa. Akatengeneza ukurasa, akatengeneza video, akaitia kwenye magrupu yote ya wanawake wetu ya WhatsApp, grupu la maulidi, grupu la arusi, grupu la misiba, mpaka nikaona haya. Halafu akachapisha karatasi kubwa, akaigundisha katikati ya dirisha la mbele. Juu sura yangu inacheka. Chini bei, bakuli dogo, bakuli kubwa, na mishkaki, bila mishkaki. Chini kabisa imeandikwa, agiza mapema, lipa kabla ya kuchukua.

"Na mlango wa nyuma ufunge," akaniambia. "Anwani yako sasa iko mtandaoni. Wateja wapite mbele, wabonyeze kengele."

Nikafunga. Mtoto anajua kazi yake.

Nilimwambia lakini, "Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama, hao wahenga hawakuwa na washindani. Kizuri kisichotangazwa kinaozea ndani."

Basi tukatangaza. Na kwenye simu ungesema mwenyewe mji mzima unakuja. Mioyo myekundu, mikono ya dua, mashallah Bi Thuwaiba, Mungu akuzidishie, umetutia njaa. Feisal alikuwa akinipigia kunisomea. Jumapili ya kwanza nikaamka na alfajiri, nikachemsha viazi, nikasaga kunde za bhajia, nikachoma mishkaki, nikakaanga chipsi za muhogo, nikakoroga urojo kwa unga na embe bichi na ndimu, mwepesi, si ule uji wanaouza watu wengine. Nikavaa kanga mpya. Nikakaa sebuleni kungoja kengele.

Kengele haikulia. Urojo haulali, ukilala ni gundi, kwa hiyo jioni nikaumwaga kwenye sinki, nao ukashuka taratibu na mie nimesimama nautazama. Nililia. Nasema wazi, nililia kama nimefiwa tena.

Wiki iliyofuata Feisal akasema bei ndiyo mbaya, akaipunguza. Haikuwa bei. Akasema picha ina giza, akapiga nyingine. Haikuwa picha. Akasema siku ya Jumapili watu wana mambo, tujaribu Jumamosi, na ukinunua mawili la tatu bure. Kila wiki alikuwa na sababu mpya na jina lake la Kiingereza, na mie kila wiki nina sufuria iliyojaa. Sikumwonea hasira. Niliona anahangaika kwa ajili yangu, na akikata simu nilijua anaogopa zaidi yangu.

Nilichokuja kukigundua taratibu ni kwamba hata Mwanamize kaacha kuja. Mwanzo nikasema ana mjukuu mgonjwa. Halafu nikasema baridi. Mwezi wa Aprili ukaingia, jua likatoka, na Mwanamize hakutoka. Nikimpigia anapokea, anauliza hali, anasema, "Mambo yako naona yanakwenda, mashallah," kwa sauti ya adabu kama anazungumza na mke wa balozi. Nikaanza kufikiri mambo mabaya. Husda, nikasema. Kaona picha yangu dirishani, roho imemuuma.

Siku moja ya mvua nilikuwa nimekaa nyuma ya karatasi ile. Kutoka ndani herufi zinasomeka kinyume, na sebule ilikuwa kiza kwa sababu karatasi imekula dirisha. Kwa juu nikaona kilele cha mwavuli wa kijani. Kikaja, kikasimama mbele ya dirisha langu. Nikatengeneza kanga, nikaenda mpaka kwenye mlango nikashika kitasa. Sikutaka kufungua kabla ya kengele, mteja asione nimeshikwa na dhiki. Nikangoja. Nilipochungulia tena, mwavuli haupo.

Hasmukh, mwenye duka la mboga Ladypool Road ninakonunua mihogo, kazaliwa Mwanza na Kiswahili chake bado kina vumbi la kule. Nakala ya karatasi yangu kaibandika karibu na sanduku lake la pesa. Nikamwuliza, "Watu wanaiona kweli?"

"Wote wanaona, Bibi. Wanasoma mpaka chini. Wanasema, 'Ah, Bi Thuwaiba wetu.' Halafu wananunua embe zao, kwenda zao."

"Hawasemi kitu kingine?"

Akapanga bamia kwanza. "Wanasema masikini."

Neno hilo nikatembea nalo barabara nzima. Sikulielewa, likaniudhi tu.

Ilibaki kidogo Iddi kubwa ifike nilipomkuta Mwanamize kwenye duka hilo hilo. Nasema nilimkuta, lakini yeye alinikuta kwanza, maana nilipoingia nikaona mtu anainama nyuma ya magunia ya mchele. Mtu mzima, buibui na yote, kachutama kama mtoto anayejificha katika mchezo wa kibe. Na mkononi ana mwavuli wa kijani.

"Inuka, Mwanamize," nikasema. "Magoti yako si ya kuchutama."

Akainuka, anajishika kiuno. Hasmukh akakumbuka ana kazi uani.

"Wewe ndiye uliyesimama dirishani kwangu."

"Nilisimama."

"Ukanipita mlangoni kwangu, Mwanamize? Nimekukosea nini?"

Akautazama mwavuli. "Hujanikosea kitu. Nilikuja kichochoroni, nikasukuma mlango, umefungwa. Mlango ule tangu nikujue haujafungwa mchana. Nikazunguka mbele, nikakuta bei."

"Si bei za wateja hizo?"

"Na mie ni nani? Hebu niambie, Thuwaiba, mie nikiingia pale ni nani? Utaniwekea bakuli, nakujua, huwezi kukaa na mtu bila kumwekea bakuli. Nisipolipa, nimekula mtaji wa mjane. Nikilipa, nimelipa kwa kukaa na shoga yangu, kama nimekaa hotelini. Nikisema nimeshiba, utajua naongopa. Sasa niingie vipi? Ulitaka nikae nje niseme hodi kwa kadi ya benki?"

"Na wengine?"

"Wengine vile vile. Kila mtu anasema, masikini, hali imembana mpaka anauza bakuli, tusiende tukamla. Wakaona heri waweke mioyo kwenye simu. Moyo kwenye simu hauli kitu."

Ningenyamaza pale mambo yangekuwa mazuri. Lakini mie hasira yangu iko karibu na mdomo. Nikamwambia, "Kumbe mlikuwa mkifuata bakuli. Lilipotiwa bei, nanyi mkaisha."

Akachukua mfuko wake wa vitunguu, akasema, "Haya, Bi Thuwaiba," na hilo Bi ndilo lililonichoma, akatoka, na mvua inanyesha, hata kuufungua mwavuli hakuufungua.

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya karatasi ile kwa ndani. Nikaona. Feisal kaita mji mzima, na waliosikia ni wale wale waliokuwa wakija bila kuitwa, na akawaambia kwa herufi kubwa kwamba kuanzia sasa kuja ni kununua. Watu baki hawakusikia, maana kwenye magrupu yetu hawamo. Na waliomo hawawezi kuninunua, si kwa uchoyo, kwa heshima. Yeye kakulia Uingereza, hakujua. Mie nimekulia Malindi, ningejua, lakini nilikuwa nimeshughulika kuogopa Northampton.

Nikajua pia nikiitoa karatasi sina tena cha kumwonesha. Hakuna biashara, hakuna watu, na Iddi ndiyo hiyo. Nikachukua kisu cha kumenyea viazi nikaanza kuibandua. Gundi ya mtoto wangu si mchezo. Sura yangu ilitoka vipande vipande, nikabaki na upawa na nusu ya mdomo. Nilipomaliza sebule ikawa nyeupe, nikaona vumbi lote la miezi ile, nikapangusa. Kisha nikaenda jikoni nikafungua mlango wa nyuma. Kumpigia simu Mwanamize nilitaka, nikaishika, nikaiweka. Ningemwambia nini? Njoo, sasa ni bure? Hilo nalo lingekuwa tangazo.

Kila asubuhi nikafungua mlango ule. Hakuja mtu. Paka wa jirani aliingia, akanusa, akatoka.

Iddi nilisali Northampton, nikala biriani ya Rehana, nikaipenda, nikarudi. Jumapili iliyofuata Feisal akashuka kwenye gari na maboksi chini ya kwapa. Akasimama sebuleni akalitazama dirisha.

"Umeitoa."

"Nimeitoa."

"Alikuja mtu hata mmoja, Mama?"

"Hakuja."

Akanikumbatia, na hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa, kwa sababu angebisha ningembishia. Akaanza na kabati la vyombo. Alifunga vikombe vya babake kwa magazeti kimoja kimoja, kwa uangalifu kabisa, na mie namkabidhi. Nilikuwa nimeshapika asubuhi ile, kwa mazoea tu, sufuria iko jikoni. Mabakuli yakaingia boksini. Nikawaza nani atamwagilia maua kaburini kwa Ishaka, nikawaza zulia lile jipya, na sikusema kitu. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwangu tangu Januari.

Mlango wa jikoni ukasukumwa.

"Humu ndani kuna cha kula au nirudi kwangu?"

Mwanamize akaingia mpaka sebuleni, akatazama dirisha, akatazama maboksi, akamtazama Feisal aliyepiga magoti na gazeti mkononi. Akavuta kiti akakaa.

"Mbona mnaniangalia? Nimeuliza."

Nikafungua boksi, nikatoa bakuli, nikalifungua gazeti. Kwa haraka gazeti likachanika. Nikampakulia, bhajia nyingi, chachandu ya pilipili nyingi, anavyopenda. Akaonja.

"Maji ya kuoshea bhajia," akasema, akaendelea kunywa.

Feisal alikuwa bado chini. "Bi Mwanamize, shikamoo. Naomba nikuulize. Tulitangaza miezi mitatu. Kwa nini hukuja?"

"Marahaba mwanangu. Ulibandika bei kwenye nyumba ya mamako, ukafunga mlango ninaopita. Ningekuja kwa wapi? Leo nimepita mbele, nikaona karatasi haipo."

Nilimwona Feisal anaipitia kazi yake yote kichwani, picha, siku, video. Niliona na uchungu wake, nikataka kumtetea.

"Lakini Bi Mwanamize," akasema mwisho, pole pole, "leo umekuja wewe tu. Mtu mmoja. Mama akianguka tena..."

"Nikimkuta kaanguka, mmoja anatosha," Mwanamize akasema. "Wewe unampenda mamako, hakuna anayebisha. Lakini uko Northampton, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mie niko Alum Rock na nina pasi ya basi. Kila siku nitapita. Nisipomkuta na hasira zake nitajua anaumwa. Ila siku akianguka na mlango umefungwa, nitaingilia wapi?"

Akaweka kijiko chini, akakunjua kiganja mbele ya mwanangu.

Feisal akatia mkono mfukoni, akatoa funguo zake, akaanza kuchokonoa pete kwa ukucha mpaka ufunguo wa mlango wa nyuma ukatoka. Ni wake tangu yuko shule, una utepe mwekundu babake aliomfungia asiupoteze. Akauweka mkononi mwa Mwanamize.

"Na mie nikija?" akauliza.

"Wewe utabonyeza kengele," nikamwambia. "Kaa, ule."

Akatoa bakuli boksini, akalifungua gazeti mwenyewe, akakaa baina yetu. Alipoondoka jioni maboksi aliyarudisha garini matupu, na Mwanamize akaenda kuwahi basi lake. Nyumba ikanyamaza kama kawaida yake. Nikaosha mabakuli matatu, nikaroweka kunde za kesho, za watu wawili, nikaenda kuufunga mlango wa nyuma kwa ufunguo wangu, maana Mwanamize sasa ana wake.